Nikiandika "presha" ontolojia inanipa sifuri, nikiandika "pressure" inanipa lundo: nifanyeje?

Swali la msomaji, nimelifupisha: "Shikamoo mtaalamu. Mimi ni afisa takwimu huku Dodoma, nimepewa data za wagonjwa wa nje wa miaka mitatu, kituo cha afya kimoja na zahanati tatu. Safu ya ugonjwa kila mtu kaandika anavyojua, huyu HTN, huyu presha, huyu hypertension tena kakosea spelling. Bosi anataka kila mstari uwe na namba ya kimataifa. Nikitafuta kwenye ontolojia ama napata sifuri ama napata majibu mpaka nachanganyikiwa. Nitumie ontolojia ipi, sinonimi nazitoa wapi, na je nikiipa AI kazi yote kuna shida?"

Marahaba mdogo wangu, na pole na kazi. Hiyo safu naijua, nimeshakaa nayo usiku hapahapa Dodoma mwezi wa kumi, joto limegoma kutoka ndani na feni inazungusha hewa ya moto tu, macho yanasoma "maralia" mara ya mia nne.

Kinachokusumbua sio ontolojia uliyochagua (ontolojia ni orodha iliyopangwa ya dhana za fani fulani, kila dhana na namba yake na majina yake). Wewe unatafuta neno, wakati huko vitu vimepangwa kwa dhana, na dhana inashikwa kwa namba. Chukulia mtu wa mtaani kwako. Kwenye cheti cha kuzaliwa ana jina lake kamili, nyumbani wanamwita Baba Juma, kijiweni wanamwita Fundi, ukweni hawathubutu hata kumtaja jina. Ukimtafuta kwa jina moja tu utamkosa nusu ya siku, ila namba yake ya NIDA ikishapatikana basi ni yeye huyohuyo popote alipo. Ndo kazi waliyoifanya Maktaba ya Taifa ya Tiba ya Marekani kuanzia 1986 kwenye mradi wao wa UMLS, walikusanya misamiati mingi ya tiba (SNOMED CT ya lugha ya kliniki, ICD-10 ya kuhesabia magonjwa, MeSH ya kupangia makala za tiba na mingine kibao) wakaweka majina yote yanayosema kitu kimoja chini ya namba moja. Malaria ni C0024530. Presha ya kupanda ni C0020538. Majina yanayoning'inia chini ya namba hiyo ndo sinonimi unazozitafuta, na wameshazikusanya watu wengine kwa hiyo usianze kuzitunga wewe.

Na kinyume chake pia kipo, jina moja watu wengi, kama ukiita "Juma" pale Majengo sokoni. Andika "cold" utaletewa mafua (C0009443), utaletewa ubaridi wa hewa (C0009264), na utaletewa ugonjwa sugu wa mapafu (C0024117) kwa sababu kifupisho chake cha zamani kilikuwa COLD. Programu haijakosea hapo, imekuletea akina Juma wote, kuchagua ni kazi yako.

Sasa kabla hujafungua ontolojia yoyote fanya kitu cha kizamani kabisa. Toa hiyo safu ya ugonjwa peke yake, bila jina la mgonjwa, bila namba ya faili, bila kijiji, hesabu kila andishi limetokea mara ngapi, panga kuanzia kubwa kushuka. Utashangaa, maandishi machache ya juu yanabeba sehemu kubwa ya data yako yote na huku chini unabaki na mkia mrefu wa vitu vilivyoandikwa mara moja moja. Anza na yale ya juu, kwa mkono, kwa macho yako. Watu wengi wanakimbilia mkia kwa sababu ndo una vituko, wanamaliza wiki nzima kwenye mistari arobaini. Alafu angalia vizuri kabla hujamtumia mtu hiyo orodha, kuna wahudumu wanaandika jina la mgonjwa au namba ya simu humohumo kwenye safu ya ugonjwa, na tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, hiyo haijali kwamba ulikuwa unatafuta sinonimi tu.

Nikuoneshe orodha ya namna hiyo inavyokuwa. Mtu anadhani malaria ni malaria. Utakuta: malaria, MALARIA yenye nafasi ya ziada mwishoni, maralia, mal., MRDT +ve, MRDT -ve, ?malaria, R/O malaria, malaria/UTI, Hx of malaria. Hapo kuna mambo sita tofauti yamevaa nguo moja. Nne za mwanzo ni jina lilelile limechafuka. "MRDT +ve" ni kipimo cha haraka cha malaria kilichoonesha wadudu, na sio ugonjwa, ila kwenye rejista zetu mhudumu akiandika hivyo anamaanisha amempa dawa ya mseto, kwa hiyo utakubaliana na bosi wako kama mnaihesabu. "MRDT -ve" ni kinyume kabisa, na ndo inayoua ripoti za watu, maana skripti (programu fupi) inayotafuta "MRDT" inazoa zote mbili. Alama ya kuuliza na R/O zinasema mhudumu anashuku au anataka kuuondoa ugonjwa, bado hajasema upo. Ya malaria na UTI (maambukizi ya njia ya mkojo) ni magonjwa mawili, ipasue kwanza. Na Hx ni historia, mgonjwa aliugua zamani, leo kaja na lake lingine. Hakuna ontolojia itakayokusaidia hapa. Lazima uondoe hivi vijiti vya mbele na nyuma kwanza, uviweke kwenye safu yake pembeni ("hapana", "inashukiwa", "zamani"), ndo jina lililobaki ulipeleke kutafutwa.

Kusafisha kwenyewe sio kazi kubwa. Herufi zote ndogo, toa nukta na nafasi za ziada, alafu kumbuka sisi tumefundishwa Kiingereza cha Uingereza na ontolojia nyingi zimeandikwa kimarekani, kwa hiyo "anaemia" na "anemia", "diarrhoea" na "diarrhea", "oedema" na "edema" zote zijulikane ni kitu kimoja. Mpangilio wa maneno nao, maana vitabu vya zamani vinaandika "anaemia, sickle cell" na mhudumu anaandika "sickle cell anaemia". Ujanja wa watu wa UMLS ni mwepesi kweli, wanatoa alama, wanarudisha neno kwenye umbo lake la msingi, alafu wanapanga maneno kwa alfabeti, ukifanya hivyo kwenye data yako na kwenye majina yao yanakutana yenyewe.

Vifupisho sasa. Hapa nitakaa kidogo.

Kuna TT. Ukiwa Kongwa au sehemu zetu hizi zenye historia ya trakoma, ukakuta TT kwenye rejista ya macho, hiyo ni kope zilizogeukia ndani zinakwaruza jicho, ni moja ya hatua tano za Shirika la Afya Duniani za mwaka 1987 ambazo wahudumu wa macho wanazijua kwa herufi zake TF, TI, TS, TT na CO. TT hiyohiyo kwenye kliniki ya mama wajawazito ni chanjo ya pepopunda. Yaani mama kachomwa sindano mkononi, kwenye ripoti yako anaonekana anahitaji upasuaji wa kope. RTA kwetu ni ajali ya barabarani, ila kwenye ontolojia utaletewa pia ugonjwa wa mirija ya figo. PTB kwa mhudumu wa kituo cha afya ni kifua kikuu cha mapafu, kwa mtafiti wa uzazi ni mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati, zote sahihi. Kwa hiyo usitafute kifupisho peke yake, kitafute pamoja na kliniki kilikotoka. Kama data yako ina safu ya idara usiifute, ina thamani kuliko programu yoyote utakayopakua. Na kama haina, nenda kakae na mhudumu mmoja wa pale saa moja tu na soda, muulize "hii mnaandikaga mkimaanisha nini", utarudi na kamusi ambayo hamna mtu duniani anayo.

Kukosea spelling. Watu wanapenda sana kulinganisha kwa kukaribia, programu inahesabu herufi ngapi zibadilishwe ili neno hili liwe lile. Tamu ila ina meno. Mimi ilishaning'ata kwenye kituo kimoja ambacho sitakitaja, mhudumu mmoja alikuwa anaandika "hypetension", r imeruka. Hesabu mwenyewe, ukiongeza r unapata "hypertension", presha ya juu, badiliko moja. Ukibadilisha e kuwa o unapata "hypotension", presha ya chini, badiliko moja vilevile! Skripti yangu ikachukua iliyokutana nayo kwanza kwenye faili, na ripoti ikatoka na kundi zima la watu wa presha ya kushuka waliokuwa wanatumia dawa za kushusha presha. Daktari aliyeipokea aliniuliza kwa upole kama nina haraka ya kuwaua. "Dysphagia" (kumeza kwa shida) na "dysphasia" (kusema kwa shida) zinatofautiana herufi moja, "ileum" ni utumbo na "ilium" ni mfupa wa nyonga. Kwa hiyo kulinganisha kwa kukaribia kutumie kukupendekezea tu, na chochote chenye hypo au hyper kipitie macho ya mtu, bila ubishi.

Maneno ya Kiswahili ndo yatakayokuchosha, na ndo sehemu ninayoipenda mimi. Usitegemee uandike neno la rejista ya Chamwino kwenye kisanduku cha kutafutia cha Ulaya au Marekani alafu jibu lije. Tafsiri ya neno kwa neno nayo inadanganya, maana maneno yetu yana upana tofauti na ya kwao. Kichocho, kifafa, surua, kaswende, haya hayana shida, yanalala vizuri juu ya dhana moja moja. "Presha" kidogo, kuna ya kupanda na ya kushuka na kuna mtu anasema presha akimaanisha moyo unamwenda mbio. Na presha ya mjamzito usiipeleke I10 ya ICD-10, namba ya presha ya kupanda ya kawaida, kichwa kichwa, ujauzito una fungu lake kwenye herufi O. "Vidonda vya tumbo" mgonjwa anasema kwa maumivu yoyote ya chembe ya moyo, kwa hiyo inaweza kuwa vidonda kweli (K27), inaweza kuwa gastriti (K29), au tumbo kutosaga vizuri (K30). Kama ni mgonjwa kajisemea na hakuna kipimo, mi naichukua K30 na naandika pembeni kwamba nimekisia.

Na degedege. Kwenye ICD-10 mtu wa haraka ataipeleka R56.0, mtoto kushtuka kwa sababu ya homa, na mara nyingi atakuwa sawa. Ila degedege ya mama mtoto inaweza kuwa malaria iliyopanda kichwani (B50.0), inaweza kuwa kifafa (G40), inaweza kuwa hata pepopunda ya mtoto mchanga (A33), na kwa wazee wengi degedege ni ugonjwa unaojitegemea, una ndege wake na mganga wake, wala hauhusiani na mbu. Hilo neno sio sinonimi ya chochote kati ya hivyo. Ni pana kuliko kimoja kimoja.

Na hapo ndo nikurudishe kwenye neno "sinonimi" lenyewe, maana watu wa ontolojia za kibayolojia, kama Gene Ontology na Human Phenotype Ontology (HPO), wamelipasua mara nne: sinonimi sawasawa, sinonimi pana, sinonimi finyu, na sinonimi yenye uhusiano tu. Ukipakua faili zao kila jina lina lebo hiyo, na wengi wanaipuuza wanazoa zote. Usifanye hivyo. Kwa kuhesabu wagonjwa chukua za sawasawa peke yake, na finyu kwa uangalifu. Kwa kutafuta, yaani pale unapotaka usikose kitu hata ukiletewa takataka, ongeza pana na zile za uhusiano. Nikupe mfano wa kwetu. Mwaka 2016 Dodoma na Manyara zilipata mlipuko wa sumukuvu kutoka kwenye mahindi. ICD-10 ina namba yake, T64, na jina lake la kitaalamu ni "aflatoxicosis". Lakini kwenye mlipuko wa namna ile mhudumu wa zahanati siku za mwanzo anaandika anachokiona, macho ya njano, kutapika, tumbo kuuma na kujaa maji, kwa hiyo ukitafuta rejista kwa jina la ugonjwa utaambiwa hakuna mgonjwa. Unatakiwa utafute kwa dalili. Sinonimi za "aflatoxicosis" hata ukizikusanya zote hazikufikishi hapo.

Sasa ontolojia ipi. Inategemea namba inakwenda wapi. Wewe bosi anataka ripoti ya magonjwa, kwa hiyo mwisho wa safari ni ICD, ya 10 au ya 11 kulingana na mfumo wenu unapokea ipi (ya 11 imeanza kutumika rasmi tarehe 1 Januari 2022, na chombo chake cha kutafutia kiko bure mtandaoni, unaandika kinakupendekezea hukohuko). Ila ICD ni masikini wa majina, imetengenezwa kuhesabia na sio kuongelea, ndo maana unapata sifuri. SNOMED CT na UMLS ndo zenye majina mengi. Kwa hiyo tafuta kwenye tajiri, ukishapata dhana vuka kwenda ICD. Ukiwa unatafuta makala za utafiti tumia MeSH, kule PubMed, maktaba ya makala za tiba mtandaoni, ukiandika "bilharziasis" yenyewe inaongeza "schistosomiasis" bila hata kukwambia. Dalili za magonjwa ya kurithi ni HPO, vipimo vya maabara ni LOINC. Kuna Ontology Lookup Service ya EMBL-EBI pale Hinxton Uingereza na BioPortal ya Stanford, hizo zinatafuta ontolojia nyingi kwa mpigo, nzuri kwa kuonjaonja kabla hujaamua.

UMLS ni bure ila unafungua akaunti na kukubali masharti yao, inatoka mara mbili kwa mwaka. Ukishapakua usiogope ukubwa, wewe unahitaji faili moja tu linaitwa MRCONSO. Kila mstari una vipande 18 vimetenganishwa kwa kijiti cha wima. Cha 1 ni namba ya dhana, cha 2 lugha, cha 12 msamiati jina lilikotoka, cha 14 namba yake kwenye msamiati huo, cha 15 jina lenyewe, na cha 17 kinakwambia kama jina limefichwa. Chukua zenye N tu kwenye hicho cha 17, vinginevyo utajaza kapu lako majina yaliyokwisha muda na vifupisho vya ajabu. Chuja lugha iwe Kiingereza, beba vipande hivyo tu, faili linakuwa dogo la kuchezea hata kwenye laptop ya kawaida.

Dawa hukuuliza ila najua zitakuja. Paracetamol kwa Wamarekani inaitwa "acetaminophen", kwenye RxNorm, orodha yao ya majina ya dawa, ndo jina lake, na salbutamol wanaiita "albuterol", adrenaline ni "epinephrine". Mfumo wa ATC wa Shirika la Afya Duniani, wa kupanga dawa, mara nyingi unatumia majina tuliyozoea, paracetamol ni N02BE01, ila adrenaline hata huko ni "epinephrine". Kwa Tanzania anza na ATC.

AI. Shida ipo, ila sikukatazi. Itumie kwa maneno, usiitumie kwa namba. Ukiiuliza "watu wanaandikaje ugonjwa huu, nipe majina na makosa ya spelling" inakupa vitu vizuri, hata maneno ya mtaani. Ukiiomba namba inakupa namba yenye sura nzuri kabisa, herufi na nukta mahali pake, alafu ukiifungua ni ugonjwa mwingine au haipo. Kila namba inayotoka huko lazima ikutwe kwenye jedwali lako ndo ikubaliwe. Kuna pia modeli kama SapBERT ya 2021, imefundishwa kwa sinonimi za UMLS zenyewe, inageuza jina kuwa safu ya namba na kukuletea majina yaliyo jirani, hii ni nzuri kwa ule mkia mrefu na haihitaji kutuma data yako popote. Nayo hypo na hyper inaziona majirani, kwa hiyo sheria ya macho ya mtu ipo palepale.

Kila uamuzi uandike. Jedwali moja: andishi kama lilivyokuja, idara, namba uliyoipa, aina ya ulinganifu (sawasawa, pana, finyu, kisio), toleo la ontolojia, nani kaamua, tarehe. Ontolojia zinabadilika, dhana zinastaafishwa, na mwakani mtu atauliza kwa nini wagonjwa wa vidonda vya tumbo wamepungua ghafla, jibu litakuwa humo.

Anza na maandishi mia ya juu wiki hii, usiguse mkia. Yatakayokushinda niandikie tena, ila ukinitumia kifupisho nitajie na kliniki kilikotoka, maana ukiniandikia TT peke yake nitakurudishia swali.